Nikifunga mlango wanasema nina jini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 34, naishi Ngamiani, Tanga, nyumba ya wakwe zangu. Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki nzima yuko njiani, anaingia Jumamosi usiku na Jumatatu alfajiri ameshaondoka. Nyumbani kuna mama mkwe, wifi zangu wawili, mmoja wao ameachika na amerudi na wanawe watatu, na mimi na wangu wawili. Cherehani yangu iko barazani, na baraza yetu ndiyo baraza ya mtaa. Kuanzia saa mbili asubuhi hawakosi watu watano sita: huyu anachambua mchele, huyu anasukwa, huyu anasimulia harusi ya jana, na wote wanataka niitikie. Sisemi ni watu wabaya. Nilipojifungua wa pili kwa upasuaji, hao hao ndio walionifulia mpaka nepi siku arobaini.

Kazi yangu yote ni kuiga. Mteja anakuja na simu, ananionyesha picha ya gauni, "nishonee kama huu." Nashona. Hata wakinisifu kwamba nimeipatia kuliko picha, moyoni najua si yangu.

Mwaka jana mwezi wa sita walikwenda Pangani wote, kwenye msiba. Mimi nilibaki kwa sababu mdogo alikuwa na tetekuwanga. Siku tatu. Mtoto akilala, nyumba kimya mpaka nasikia bomba la jirani likidondosha maji. Siku ya kwanza niliogopa, Shangazi, nikawasha redio. Siku ya pili nikaizima. Nilikuwa nafumua sketi ya shule ya binti yangu mkubwa, yuko darasa la pili, imembana kiunoni na haijamaliza hata mwaka. Nikajiuliza: kwa nini sketi isikue na mtoto? Siku ya tatu nilikuwa nimeshakata. Kiunoni nimeficha makunjo mawili ndani ya mkanda, na lastiki yenye vitundu inayoshikwa na kifungo kwa ndani. Mtoto akinenepa unahamisha kifungo tu. Pindo nimeliacha inchi nne, nimelishona mshono mrefu ili mzazi alifumue mwenyewe kwa wembe. Kinachonishinda ni ule mstari wa pindo la zamani. Ukilishusha unabaki kama kovu, chini rangi mpya, juu kumepauka. Hapo nimekwama mpaka leo, na sketi tatu nimeshaziharibu.

Tangu waliporudi sijapata tena siku kama zile. Nikaanza kuingia stoo, ile ya mkaa na masufuria ya shughuli, saa tisa mchana wenzangu wakiwa wamejinyoosha. Natia komeo. Wiki ya kwanza walidhani nalala. Wiki ya pili wifi mdogo akagonga, "Unaficha nini humo?" Wiki ya tatu nikasikia kwa jirani kwamba nina jini, eti zile siku nilizobaki peke yangu kuna kitu kiliniingia. Mama mkwe hakutaja jini. Alisema mwanamke hafungi mlango mchana, akanisomea na beti za Mwana Kupona, maana utendi ule anao kwa moyo, kisha akarudi kwenye kofia yake. Yeye hushona kofia za mkono, na akishafika kwenye kuhesabu vitobo hata salamu haitikii.

Mume nilimweleza kwa simu. Akasema, "Mama asipopenda, acha."

Nimeona fremu Makorora, elfu sitini kwa mwezi, wanataka ya miezi sita. Hela ninayo, nilipokea mchezo. Nataka nihamishe cherehani bila maneno mengi, wakiuliza niseme ni biashara. Sijamwonyesha mtu sketi yangu. Niambie, Shangazi: ni ubinafsi? Au kweli nina kitu? Na hii hamu ya kukaa peke yangu ni ya kazi, au nimewachoka watu tu na natafuta kisingizio?

Fundi wa Ngamiani


Marahaba, mwanangu.

Jini tulimalize kwanza, lisituchukulie nafasi. Kama liko jini linaloingia kwa watu na kuwafundisha kutoboa lastiki vitundu, mwambie jirani yako anipe namba yake, nina kazi nyingi hapa. Huna jini. Ulipata siku tatu bila mtu wa kukuita jina, na kichwa chako kikafanya kile ambacho vichwa hufanya vikiachwa.

Turudi kwa mama mkwe wako na Mwana Kupona wake, maana hapo kuna neno. Najua beti anazokusomea: mke amtunze mume, asitoke ovyo, nyumba iwe safi, ulimi uwe na adabu. Ndiyo, zimo. Lakini mwulize siku moja, kwa upole, utendi ule ulitungwa lini na katika hali gani. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, kule visiwa vya Lamu na Pate. Mumewe, Bwana Mataka, sheikh aliyetawala Siu, alikuwa ameshafariki. Na mwenyewe ndani ya utendi anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Beti mia na mbili, mwanangu, kila moja ina mishororo minne, vina havikosei. Kitu kama kile hakitungwi na mtu anayeitwa jikoni kila dakika kumi. Angekuwa mzima, mume yuko hai, wageni wa sheikh wanaingia na kutoka, sidhani kama tungekuwa nao leo. Ugonjwa ndio uliomrudishia mlango.

Hilo ndilo linaloniuma kila nikisoma habari za watunzi wetu. Mtu wa kwetu hapewi upweke akiwa mzima na amani. Anaupata kwa balaa. Wewe mwenyewe umeupata kwa tetekuwanga na msiba wa watu wa Pangani!

Tazama Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Watu hupenda kusimulia safari ya Mumbai mwaka 1928, sauti yake ilipotiwa kwenye santuri. Mimi hunivutia zaidi njia ya Fumba. Alizaliwa huko, jina lake la kwanza Mtumwa, mama yake akifinyanga vyungu na yeye akivipeleka kuviuza, na biashara akiinadi kwa kuimba. Fikiria ile njia. Chungu kichwani, jua, michanga, hakuna anayemwambia "punguza sauti" wala "wimbo huo umeukosea." Sauti ilikomazwa huko, miaka na miaka kabla hajahamia mjini mwaka 1911, na alihamia akiwa ameshaachika, hana cha kupoteza. Nani alimpa upweke ule? Ufukara. Mtoto wa tajiri asingetumwa kuuza vyungu.

Na tuna wa Mombasa, Abdilatif Abdalla. Alikuwa na miaka 22 alipokamatwa kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Alifungwa kuanzia 1969 mpaka 1972, muda mwingi akiwekwa peke yake, hana kalamu wala daftari alizopewa kwa halali. Akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mtu asije akaniambia jela ni nzuri kwa washairi. Upweke ule ulikuwa adhabu, ulikusudiwa umvunje. Kilichomwokoa ni kile kijisehemu ambacho askari hawakukishika: uamuzi wa nini aandike, na kwamba ataandika. Nimekitaja ili ujue kwamba kuwa peke yako na kuwa huru si kitu kimoja, na wewe hivi viwili umevichanganya katika barua yako. Nitarudi hapo nikifika kwenye hiyo fremu.

Wa Malawi pia umesikia habari zake, nadhani, William Kamkwamba. Njaa ya 2001 na 2002 iliwamaliza, ada ikakosekana, akaacha sekondari. Kijana wa miaka 14 mchana kutwa hana pa kwenda, akawa anashinda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, anatazama michoro ya umeme kwenye vitabu ambavyo Kiingereza chake alikisoma kwa shida. Akaunda kinu cha upepo kwa baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Kijijini walisema amechanganyikiwa. Unaona, na yeye walimpa jini lake. Ila mnara ulipofika wa kusimamishwa, magogo yale hakuyainua mwenyewe, aliita binamu yake na rafiki yake.

Sasa baraza lako. Wewe unaona aibu kusema linakuzuia, kwa sababu watu wake walikufulia nepi. Vyote viwili ni kweli na havigombani. Mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, watafiti waliwapa watu maswali ya kubunia majibu. Wengine waliwakalisha wanne wanne, wachangie mawazo pamoja; wengine kila mtu chumbani kwake, kisha mawazo ya wanne waliokaa mbalimbali wakayaweka kapu moja na kuondoa yaliyojirudia. Kapu la waliokaa peke yao lilikuwa na karibu mara mbili. Waliotafiti baadaye waliona sababu kubwa ni ya kawaida kabisa: mmoja akisema, wengine wanangoja zamu, na ukingoja zamu wazo lako linapoa au unalisahau. Halafu kuna kuogopa kuchekwa. Wale walikuwa wamewekwa kwa kazi hiyo hiyo moja! Wewe uko na mchele, nywele, na harusi ya jana.

Na kuna jambo la pili ambalo baraza linafanya, nalo ni kubwa kwa fundi. Barazani huwezi kuharibu. Ukikata vibaya mbele ya watu sita, watano watasema "ungefanya hivi," na mmoja atawahi kusimulia mtaa wa pili. Ndiyo maana kule nje unashona za kwenye simu: picha ya simu inajulikana itatokaje. Stoo umeharibu sketi tatu na hakuna aliyejua. Sketi tatu mbovu ndizo uhuru wako, mwanangu, zaidi hata ya ule ukimya. Usizitupe. Ziandikie tarehe kwa chaki na ulikosea nini.

Nilikuwa karani wa kupiga chapa miaka ishirini na mbili, chumba kimoja mashine tisa, na safu hii nilianza kuiandika nikiwa bado kazini. Niliiandika wapi? Kwenye ngazi za nyuma, saa saba mpaka saa saba u nusu, wenzangu wakila. Wakasema najiona. Mmoja alikaa mwaka mzima hanisemeshi. Leo yeye ndiye hunipigia simu akiona nimekosea herufi. Sikumwomba ruhusa, na sasa nadhani nilikosea: ningemwambia tu, "bibi, nina kitu naandika, nikimaliza nitakusomea," angenipelekea na chai. Nilimwachia ajaze mwenyewe pengo la kwa nini simfuati, naye akajaza alichoona.

Wewe umefanya vile vile, tena kwa komeo. Hebu fikiria mlango wa stoo ya nyumba ya Ngamiani, saa tisa mchana, umetiwa komeo na ndani kuna mke wa mtu ambaye mumewe yuko safarini. Unataka wafikiri nini? Kwetu mlango huo una maana nne tano na hakuna hata moja nzuri. Jini ndilo lililokuwa jina la heshima kuliko yote waliyokuwa nayo, washukuru. Mlango urudishe, usiufunge. Weka pazia. Atakayechungulia aone mwanamke na kitambaa, achoke mwenyewe.

Kuhusu fremu, tusiseme kwa haraka. Unadhani unanunua upweke. Fremu ni mlango uliofunguliwa barabarani makusudi ili watu waingie! Makorora watapita watu kuliko hapo kwenu, nao ni wateja, huwezi kuwaambia wakae kimya. Utashona za kwenye simu mara mbili, kwa sababu kodi haingoji. Elfu sitini mara sita ni laki tatu na sitini: piga hesabu ni mita ngapi za kitambaa cha sare unaweza kuziharibu kwa fedha hiyo. Fremu itakupa uhuru wa aina nyingine, wa kutokuulizwa na wakwe, sikatai, na huenda mwakani ukauhitaji, siku sketi itakapokuwa tayari na unataka kuiuza kabla shule hazijafunguliwa. Leo unachohitaji ni saa moja na nusu na mahali pa kukosea. Usilipe kodi ya miezi sita kwa kitu hicho.

Na usihame bila kuaga. Hata ukiwa na haki, utakuwa umethibitisha ile ya jirani.

Sasa nikuonyeshe kitu ulichokiandika mwenyewe ukakipita. Umesema mama mkwe wako akifika kwenye kuhesabu vitobo, hata salamu haitikii. Soma tena. Mwanamke huyo anajua hasa unachokitafuta! Marehemu mama yangu mdogo alikuwa mshonaji wa kofia. Kitambaa mapande mawili yameshikana, ua limechorwa kwa penseli, kila kitobo kinatobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka kiwe duara, na kikizidi kimoja upande wa kushoto, ua zima linakwenda mrama na huwezi kulificha. Alipokuwa anahesabu tulikuwa tunapita kwa vidole. Hakuhitaji mlango. Neno "nahesabu" lilikuwa mlango wake, na nyumba nzima ililiheshimu.

Mama mkwe wako ana mlango wa namna hiyo hapo hapo barazani, na amekaa nao miaka mingi kiasi kwamba haujui kuwa ni mlango. Yeye anajua kwamba ni kazi. Wako hajui kuwa ni kazi, kwa sababu hajaiona. Cha kwake mtu anaona kofia ikikua mkononi. Cha kwako anaona komeo.

Kwa hiyo mpelekee sketi. Usimpelekee hotuba kuhusu ubunifu, wala usimpelekee barua yangu hii. Chagua saa ambayo hahesabu, wifi zako wakiwa mbali. Mpe ile sketi mbovu kuliko zote, yenye kovu la pindo, umwambie, "Mama, hii imenishinda hapa." Kisha nyamaza. Mtu wa sindano akipewa kosa la sindano hawezi kuliacha. Atalipindua, atalivuta, ataliangalia kwa ndani. Mimi sijui ushonaji wa kutosha kukushauri juu ya mstari ule. Mama yangu akitushushia pindo alikuwa anapitisha utepe juu yake, ila shule za siku hizi hazitaki utepe kwenye sketi ya bluu. Lakini mtu aliyekaa miaka akificha ncha za uzi katikati ya mapande mawili ya kofia, kuficha anakujua. Akipata jibu, vizuri. Asipopata, atakuwa ameshajua ulichokuwa unakifanya stoo, na hapo ndipo umwombe. Kwa maneno yake: "Mama, na mimi ninahesabu. Naomba nihesabu kuanzia saa tisa mpaka saa kumi u nusu. Nikitoka, chai ya jioni ni yangu."

Hilo la chai usiliruke. Saa moja na nusu unayojifungia kuna mtu anashika mtoto wako na kuna mtu anaangalia chungu. Wifi yako aliyeachika, mwenye wanawe watatu, yeye saa yake iko wapi? Wewe una hamu ya kushona, yeye pengine ana hamu ya kulala tu bila mtoto juu ya kifua. Mwachie na yeye asubuhi moja kwa wiki, wewe ubaki na watoto wote watano, pazia lirudi upande wake. Najua ni kazi. Lakini nakuahidi atakuwa wa kwanza kumnyamazisha atakayekugongea.

Akikwambia mama mkwe kwamba mambo ya kujitenga si ya kwetu, mkumbushe Ramadhani. Wale wanaume wanaokaa itikafu kumi la mwisho, wanajitenga na nani? Na nyumba nzima inawapelekea futari na haisemi wana majini. Sifananishi sketi na ibada, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba tunajua vizuri kumwacha mtu peke yake tukiamua kwamba anachokifanya kina thamani.

Mume wako umemweleza kwa simu, na nina hakika ulimweleza lawama: mama kasema hivi, wifi kagonga. Dereva yuko barabarani, anasikia ugomvi wa wanawake, anatafuta jibu fupi kuliko yote ili akate simu. Jumamosi akishakula, mvalishe binti sketi mbele yake. Hamisha kifungo. Mwulize sare mbili za mwaka huu alitoa shilingi ngapi. Basi.

Swali lako la mwisho nililipenda, kwa sababu wengi hawajiulizi. Ni kazi au umewachoka? Ni vyote, na si dhambi. Lakini kuna namna ya kujua kipi kinatawala. Angalia unavyotoka. Ukitoka stoo na vidole vinawasha kumwonyesha mtu, basi ulikuwa kazini. Mwana Kupona naye, pamoja na ugonjwa wake, hakuishia ukutani: alimwita binti yake asogee na wino na karatasi. Ukitoka na moyo mzito zaidi ya ulivyoingia, unatamani urudi ndani kwa sababu tu nje kuna watu, usingizi umekimbia, chakula hakina ladha, kitambaa hukukigusa, hapo si suala la sketi. Nenda zahanati useme hivyo hivyo ulivyo. Katika barua yako sioni dalili hiyo. Naona mtu ambaye ana kitu kizuri tangu Juni ya mwaka jana na hajakionyesha kwa yeyote, na anashangaa kwa nini hakuna anayemwelewa.

Ukishapata saa yako, wiki ya kwanza usitegemee kitu. Ulisema mwenyewe, siku ya kwanza ya Pangani uliwasha redio kwa woga. Itakuwa hivyo tena. Simu iache barazani, si kwa ajili ya ujumbe tu, bali ile mitindo ya wateja iko humo ndani, na ukiitazama mkono utaiga kabla kichwa hakijafika. Ukikosa cha kushona, fumua. Wazo lako la kwanza lilikujia ukifumua.

Halafu nina ombi. Mkanda wa kiunoni, upande wa ndani, pale lastiki inapokutana na kifungo, nipigie picha unitumie. Nina mjukuu darasa la pili na yeye, sare ya Januari imeshaanza kumbana, na mama yake ameniambia nisithubutu kumpa chapati nyingine.

Shangazi